Ndugu Wawili wa Hawken, Wafua Magobori wa St. Louis

Bunduki ambayo baruti na risasi yake hutiwa mdomoni mwa kasiba na kushindiliwa kwa mdeki mpaka chini, wazee wa pwani waliiita gobori. Lile lililowashwa kwa jiwe la kutoa cheche waliliita gumegume, na baadaye likaja lile la kuwashwa kwa fataki. Mengi ya magobori yaliyofika Unguja katika karne ya 19 yalikuwa silaha kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa kwa maelfu baada ya majeshi hayo kupata bunduki za kupakiwa nyuma. Mnunuzi hakujua ni fundi gani aliyeifua bunduki yake, wala hakuwa na haja ya kuuliza.

Huko Marekani, katika zama hizo hizo, mambo yalikuwa namna nyingine. Karibu kila mji ulikuwa na mfua bunduki wake, mwenye kiduka kidogo, mivukuto na fuawe, na mteja alimjua fundi kwa uso na kwa jina. Wengi wa mafundi hao wamesahauliwa kabisa. Lakini ndugu wawili, Jacob na Samuel Hawken wa mji wa St. Louis, hawakusahauliwa, na jina lao leo ni kubwa mno kuliko duka lao lilivyokuwa. Kwa hiyo yafaa kuzifuata habari zao tangu mwanzo, na kuyatenga yale yaliyotendeka na yale yaliyotiwa chumvi na wasimulizi.

WANA WA FUNDI

Jacob alizaliwa mwaka wa 1786 na Samuel mwaka wa 1792. Kwao ni Hagerstown, katika jimbo la Maryland, na baba yao alikuwa mfua bunduki. Ukoo wao ulikuwa wa watu waliotoka katika nchi zinenazo Kijerumani, kama walivyokuwa wengi wa mafundi wa upande ule. Maana Wajerumani na Waswisi ndio walioileta Marekani bunduki yenye mifereji ya kuzunguka ndani ya kasiba, ambayo huizungusha risasi na kuifanya iende sawasawa bila kuyumba.

Kazi hiyo hujifunzwa kwa mikono. Mtoto alianza kwa kuvuta mivukuto na kufagia vumbi la chuma, kisha akapewa tupa, na baada ya miaka ndipo akaruhusiwa kuigusa kasiba. Siku hizo kasiba haikununuliwa tayari dukani. Fundi alichukua bamba refu la chuma laini, akalipasha moto mpaka likawa jeupe, akalikunja juu ya ufito wa chuma, akaliunga kwa nyundo inchi chache kwa wakati mmoja. Baadaye akalitoboa tundu lake kwa kekee, akalinyoosha, ndipo akachonga mifereji ya ndani kwa meno madogo ya chuma cha pua yaliyofungwa kwenye ufito, akiuvuta na kuusukuma mara nyingi sana, na kila mara akikwangua unga kidogo tu. Aliyekosea katika hatua ya mwisho alipoteza kazi ya siku nyingi.

Jacob alifanya kazi kwa muda huko Harpers Ferry, penye karakana ya serikali iliyotengeneza silaha za jeshi. Mwaka wa 1818 alikuwa amekwisha hamia St. Louis. Tena ni jambo la kuangaliwa kwamba mwaka uliofuata, yaani 1819, fundi mwingine aitwaye John Hall alipewa mkataba wa kutengeneza huko huko Harpers Ferry bunduki za kupakiwa nyuma, kwa mashine, ili kipande cha bunduki moja kiweze kutiwa katika nyingine bila kupigwa tupa. Basi Jacob aliondoka mahali ambapo kiwanda cha kisasa kilikuwa karibu kuzaliwa, akaenda magharibi kufanya kazi kwa njia ya baba yake. Njia ile ilikuwa na soko lake bado, kwa miaka arobaini na zaidi.

MJI WA MLANGONI

St. Louis ulianzishwa na Wafaransa mwaka wa 1764 kwenye ukingo wa mto Mississippi, chini kidogo ya pale unapoingia mto Missouri. Mwaka wa 1820 wakazi wake hawakuzidi 5,000. Lakini kila aliyetaka kwenda magharibi, kwenye mbuga za nyati na Milima ya Rocky, alipitia hapo, akanunua vitu vyake hapo, na akirudi hai aliziuza ngozi zake hapo.

Ngozi zilizotafutwa zilikuwa za biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, ambaye manyoya yake yalitengenezwa kofia za mabwana wa Ulaya na Marekani. Mwezi wa Februari 1822, William Ashley alitia tangazo katika gazeti la St. Louis, akitaka vijana mia moja wapande mto Missouri hadi chanzo chake na kukaa huko kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Katika walioitika alikuwamo kijana Jim Bridger, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, na ambaye alikuwa mwanafunzi wa mhunzi pale pale mjini. Mwaka huo huo Samuel Hawken aliwasili. Alikuwa na duka lake huko Xenia, katika jimbo la Ohio, lakini mke wake alikuwa amefariki, naye akaamua kumfuata kaka yake.

Jacob wakati huo alikuwa na mshirika mwingine, James Lakenan. Huyo alipokufa mwaka wa 1825, ndugu wawili waliunganisha kazi zao, na tangu hapo kasiba zilitoka dukani zikiwa zimepigwa chapa ya J & S HAWKEN.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba walikaa wakifua bunduki mpya tu kutwa kucha. Duka la namna hiyo liliishi kwa matengenezo: mtambo uliovunjika, kasiba iliyopasuka mdomoni, kitako kilichokatika, na kazi nyingine ndogondogo za chuma. Nazo ndizo zilizowafunza. Bunduki iliyorudi kutoka milimani ikiwa imevunjika iliwaonyesha bayana mahali penye udhaifu, na fundi mwenye akili hahitaji mwalimu mwingine.

BUNDUKI ILIYOKATAA KUVUNJIKA

Bunduki waliyojifunza kutengeneza kwa baba yao ilikuwa nzuri kwa misitu ya mashariki. Ilikuwa ndefu, kasiba yake ikipata inchi 42 na zaidi, nyembamba, na mti wake ulifika mpaka mdomoni. Risasi yake ilikuwa ndogo, ya kutosha kwa paa na kindi. Mtu aliyekwenda kwa miguu chini ya miti hakuhitaji zaidi ya hiyo.

Lakini mtegaji wa milimani alipanda farasi, na bunduki ndefu juu ya farasi ni taabu. Ikianguka, mti wake mwembamba hukatika pale nyuma ya mtambo, na fundi yuko mbali kwa safari ya miezi. Tena wanyama wa huko hawakuwa paa tu. Palikuwa na nyati na dubu mkubwa wa kijivu, ambaye risasi ndogo humkasirisha tu.

Basi ndugu wale walibadili kitu kimoja baada ya kingine. Kasiba ilifupishwa ikawa kama inchi 34, lakini ikafanywa nene, yenye pande nane. Mti ulikatwa ukaishia nusu ya kasiba, kwa kuwa mti wa mbele ndio uliopasuka upesi. Mahali palipozoea kukatika palitiwa nguvu kwa vyuma viwili virefu, kimoja juu na kimoja chini, vikabanwa pamoja kwa misumari ya hesi iliyopenya mti katikati. Mapambo ya shaba waliyaacha kwa sehemu kubwa, wakatia chuma. Bunduki nzima ilikuwa na uzito wa ratili 10 hadi 12, mzigo wa kweli begani, lakini uzito huo ulipunguza teke lake na kuituliza mkononi mwa mpigaji. Vifyatuo vilikuwa viwili: mtu alivuta cha nyuma kwanza kukitega, kisha cha mbele kikafyatuka kwa kuguswa tu.

Jambo moja dogo lastahili kuelezwa zaidi. Baruti nyeusi huacha masizi mengi ndani ya kasiba, na masizi hayo hula chuma kama hayakuoshwa. Katika bunduki za zamani kuitoa kasiba kwenye mti ilikuwa kazi ya fundi. Kasiba ya Hawken ilishikwa kwa ndoana upande wa nyuma na kwa kabari mbili mbele. Mwenyewe alizigonga kabari zikatoka, akainyanyua kasiba, akaitia nyuma yake katika sufuria ya maji ya moto, akasukuma kitambaa juu na chini mpaka maji yakawa safi, akaikausha na kuipaka mafuta. Kazi hiyo yaweza kufanywa kando ya moto wa kambi na mtu asiye na chombo chochote ila nyundo au jiwe.

Tundu la kasiba lilikuwa pana kupita nusu inchi kidogo, na siku hizo upana ulipimwa kwa hesabu ya risasi za mviringo zitokazo katika ratili moja ya risasi. Tundu la kadiri hiyo hutoa risasi 32 kwa ratili. Mtegaji alichukua vipande vya risasi na kalibu yake, akayeyusha na kumimina kambini. Alipotaka kupakia, alipima baruti na kuimimina, akaweka juu ya mdomo kitambaa kilichopakwa shahamu, akaweka risasi juu yake, akaisukuma kwa mdeki mpaka ikakaa juu ya baruti. Mwisho alivuta nyundo ya mtambo na kuweka fataki. Kitambaa kilishika mifereji ya kasiba na kuizungusha risasi ilipotoka. Mtu mzoefu aliyafanya hayo yote kwa muda wa nusu dakika hivi. Dubu aliyejeruhiwa hangojei nusu dakika, na hiyo ndiyo sababu risasi ya kwanza ilikuwa na thamani kubwa kuliko wepesi wa kupakia.

Kuhusu fataki, sifa si ya Wahawken. Njia ya kuwasha kwa dawa ya kulipuka ilivumbuliwa na kasisi mmoja wa Uskochi, Alexander Forsyth, aliyepata haki yake kisheria mwaka wa 1807, na vikofia vidogo vya shaba vyenye dawa hiyo vilienea katika miaka ya 1820. Mvua iliyolizima jiwe la gumegume haikuizima fataki kwa urahisi. Ndugu hawa waliipokea njia hiyo na kuitia katika bunduki nzito, nao waliipokea kwa wakati ufaao.

SIFA NA UKWELI WAKE

Hapa ndipo pa kusema wazi. Hadithi nyingi, na picha za sinema baada yake, huonyesha kana kwamba kila mtegaji wa Milima ya Rocky alibeba Hawken. Si kweli. Kampuni kubwa za biashara ya ngozi zilinunua bunduki kwa mamia kutoka viwanda vya mashariki, hasa kwa J. Henry wa Boulton, Pennsylvania, na kwa Henry Deringer wa Philadelphia, kwa sababu zilipatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Hizo ndizo walizopewa vijana wengi, wakakatwa fedha zake katika mshahara. Hawken ilikuwa bunduki ya mtu aliyekwisha okoka misimu kadhaa, mwenye fedha mkononi, aliyejua anachokitaka. Yasemekana pia kwamba Samuel alimtengenezea Ashley bunduki mwaka wa 1823. Hayo ni masimulizi, na kila mtu aamue mwenyewe ayape uzito gani.

Tena biashara ya biva haikudumu. Mitindo ilibadilika Ulaya, kofia za hariri zikapendwa, na biva wenyewe walikuwa wamemalizwa katika mito mingi. Mkutano wa mwisho wa wategaji, uliofanywa kila mwaka milimani tangu 1825, ulikuwa ule wa 1840. Kama duka la Hawken lingetegemea wategaji peke yao, lingefungwa wakati huo. Lililoliokoa ni kwamba njia ya magharibi haikufungwa: walikuja wafanya biashara wa Santa Fe, kisha wahamiaji wa Oregon, kisha baada ya 1848 watafuta dhahabu wa California. Mji uliokuwa na watu 5,000 ulikuwa na zaidi ya 77,000 mwaka wa 1850.

Mwaka wa 1849 ulikuwa mwaka wa msiba. Kipindupindu kilipanda mto pamoja na meli za moshi na wahamiaji, kikaua watu zaidi ya 4,000 mjini. Mwezi wa Mei moto ulizuka katika meli mojawapo bandarini, ukateketeza meli 23 na mamia ya majengo. Jacob Hawken alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa na kipindupindu mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 60 na kitu. Tangu hapo chapa ilibadilika. Bunduki yenye herufi mbili, J na S, ni ya kabla ya msiba. Yenye S peke yake, pamoja na jina la St. Louis, kwa kawaida ni ya baada yake. Kwa wachunguzi wa mambo ya kale herufi hiyo moja ina kazi kubwa.

MZEE SAMUEL NA KIJANA WA KIJERUMANI

Samuel aliendelea peke yake miaka kumi. Mwaka wa 1859, alipokuwa na umri wa miaka 66, habari za dhahabu zilitoka Colorado, na mzee huyo, aliyekuwa amewauzia silaha vijana wa magharibi kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini bila kuiona milima yenyewe, akafunga mizigo akaenda. Alifungua duka huko Denver, mji uliokuwa bado wa vibanda, akakaa kwa muda mfupi, akarudi St. Louis mwaka wa 1861. Wakati huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza.

Mwaka wa 1862 duka liliuzwa kwa John Gemmer, Mjerumani kwa kuzaliwa, ambaye alikuwa fundi wao. Bw. Gemmer alifanya jambo la busara la kibiashara: aliendelea kupiga chapa ya S. Hawken juu ya bunduki alizozifua yeye, maana jina lilikuwa na thamani. Je, hiyo ilikuwa haki? Wapo wanaosema ni udanganyifu mdogo. Lakini vyombo vilikuwa vile vile, na mkono uliofua ulikuwa umefunzwa mahali hapo hapo. Mteja hakupata kitu pungufu.

Kilichomshinda Gemmer ni wakati wenyewe. Vita ile ilikuwa imeleta bunduki ya Spencer na ya Henry, ambazo hupakiwa risasi nyingi mara moja. Baada yake ikaja Winchester. Mtu aliyeweza kupiga mara kumi bila kupakia tena hakuwa na sababu ya kubeba mdeki. Viwanda vilivyozitengeneza vilikuwa na mashine za namna ile ile iliyoanza Harpers Ferry katika siku za ujana wa Jacob. Gemmer aliyakubali mambo, akauza na kurekebisha bunduki za viwandani, lakini kila mtu alipotaka gobori la zamani alilipata kwake.

Samuel aliishi mpaka mwaka wa 1884, akafa akiwa na miaka 91. Miaka miwili kabla ya kufa alizungumza na mwandishi wa gazeti la St. Louis habari za siku za zamani, na sehemu kubwa ya yale yasimuliwayo juu ya duka yatoka kwake. Hiyo ni bahati njema, ingawa kumbukumbu za mtu wa miaka 90 zahitaji kupimwa kwa mizani. Gemmer alilifunga duka mwaka wa 1915, akafariki mwaka wa 1919. Tangu Jacob alipofika ilikuwa imepita karibu miaka mia moja.

YALIYOBAKI

Aliyelifufua jina hilo kwanza hakuwa mwindaji wa milimani, bali karani wa vitabu. Horace Kephart alikuwa mkuu wa Maktaba ya Mercantile huko St. Louis katika miaka ya 1890. Alipata bunduki ya Hawken ambayo ilikuwa haijatumika, akaijaribu kwa vipimo, akaandika habari zake katika magazeti ya wapigaji shabaha. Baadaye walitokea wachunguzi wengine. John Baird alitoa kitabu chake juu ya bunduki hizi mwaka wa 1968, na Charles Hanson akafuata mwaka wa 1979. Hanson ndiye aliyefukua hesabu za kampuni za ngozi na kuonyesha jinsi bunduki za viwanda vya mashariki zilivyokuwa nyingi kule milimani. Wapenzi wa Hawken hawakufurahi sana kuyasoma hayo, lakini hesabu ni hesabu.

Bunduki ya Jim Bridger, yule kijana asiyejua kusoma, iko katika jumba la historia la jimbo la Montana, mjini Helena. Ya Kit Carson, mwongoza njia mashuhuri, imehifadhiwa Santa Fe. Zote mbili ni za kawaida kabisa, zimechakaa, hazina nakshi.

Mwaka wa 1970 kampuni ya Thompson/Center ilianza kuuza gobori jipya kwa watu wapendao kuwinda kwa njia ya zamani, ikaliita Hawken, na liliuzwa kwa wingi kuliko duka la St. Louis lilivyoweza kufua katika maisha yake yote. Kasiba yake ni ya inchi 28, na vipambo vyake ni vya shaba ing'aayo. Mafundi wachache wa Marekani hawakuridhika na hilo. Hao wameomba ruhusa ya kupima bunduki za asili katika majumba ya makumbusho, inchi kwa inchi, nao hutengeneza chache kwa mwaka, zenye kasiba nzito na vyuma vyeusi. Na mtu atakaye moja hupeleka jina lake, akangoja zamu yake.